Bangi, Mgeni wa Kaskazi

Msomaji, ukisimama Garsen, penye njia panda ambapo barabara itokayo Malindi hugawanyika, tawi moja likishika njia ya Lamu na jingine likipanda kuelekea Hola na Garissa, yaache magari yapite kwanza, utazame mimea. Mpunga unaolimwa katika mabonde ya Mto Tana asili yake ni bara la Asia. Miembe itiayo kivuli vijiji vya Wapokomo, toka Ngao na kuendelea juu ya mto, mbegu zake za kwanza zilitoka Bara Hindi. Migomba nayo ni wageni kutoka mashariki ya bahari. Mahindi, mihogo na tumbaku vilitoka Amerika, wala havikujulikana katika pwani yetu kabla Wareno hawajafika. Hata mathenge, mti ule wa miiba uzibao njia za mifugo, ni mgeni wa juzi tu: asili yake ni Amerika, nao ulipandwa katika mashamba ya umwagiliaji ya Bura na Hola katika miaka ya 1980 ili watu wapate kuni, na leo wafugaji hawana hamu nao.

Katika kundi hili la wageni umo mmea mmoja usioonyeshwa hadharani, nao ni bangi. Jina lake hutajwa mbele ya vijana kwa njia mbili tu. Wako wanaolitaja kwa kukemea, na wako wanaolitaja kwa kusifu. Na kwa kawaida wote wawili hawaelezi neno. Mtu aliyekemewa bila kuelezwa hana cha kumjibu rafiki anayesifu. Kwa sababu hiyo yafaa tuutazame mmea huu kama tunavyoutazama mpunga au mwembe: ulitoka wapi, ulifikaje, waliouchukua waliutumiaje, waliouzuia waliuzuia kwa hoja gani, na elimu ya leo yasema nini juu ya kazi yake mwilini. Utaona njiani jambo moja la ajabu, kwamba hukumu juu ya bangi, za kuisifu na za kuilaani, karibu zote zilitolewa kabla mtu yeyote hajajua ni kitu gani kilichomo ndani yake.

Tuanze na jina, kwa kuwa jina ni shahidi asiyesahau. Neno bangi si la Kibantu. Wahindi husema bhang, na katika Kisanskriti cha kale neno lenyewe ni bhanga. Waajemi walilitamka bang, na Waarabu wakalifanya banj, ingawa wao walilitumia pia kwa mmea mwingine wenye sumu. Basi neno hili lilivuka bahari pamoja na kitu chenyewe, kama vile neno embe lilivyovuka pamoja na tunda lake. Ukienda mbali na bahari, majina hubadilika: katika Kongo utasikia diamba au riamba, Malawi huita chamba, na kusini mwa bara hili lipo neno dagga, lililotoka katika lugha ya Wakhoikhoi. Mahali jina la Kihindi linapokoma ndipo biashara ya pwani ilipokoma kuwa na nguvu. Bingwa Linnaeus wa Sweden aliupa mmea huu jina la Kilatini, Cannabis sativa, mwaka wa 1753. Na mwaka wa 1785 Lamarck wa Ufaransa akaongeza la pili, Cannabis indica, kwa aina aliyoletewa kutoka Bara Hindi.

Asili yake ni Asia. Wataalamu waliolinganisha chembe za urithi za mimea mingi ya jamii hii walitangaza mwaka wa 2021 kwamba ulianza kulimwa upande wa mashariki wa bara hilo, yapata miaka 12,000 iliyopita. Wachina wa kale waliutaka hasa kwa nyuzi zake, wakasuka kamba na nguo, na mbegu zake wakazila. Katika milima ya Pamir, magharibi ya China, makaburi ya Jirzankal yalifukuliwa vyetezo vya mbao vyenye mawe yaliyochomwa moto, na ndani yake mabaki ya bangi kali. Watu waliokuwa wakizika pale miaka 2,500 iliyopita walikuwa wakiifukiza katika mazishi yao. Wakati ule ule Herodotus wa Ugiriki aliandika kwamba Waskithi, wapanda farasi wa nyika za kaskazi ya Bahari Nyeusi, walikuwa wakitupa mbegu za mmea huo juu ya mawe ya moto ndani ya hema na kupiga kelele za furaha kwa mvuke wake. Watu wengi walimdhania Herodotus kuwa mtunga hadithi, mpaka makaburi yalipofunguliwa.

Huko Ulaya habari zilikuwa nyingine. Huko mmea huu ulikuwa kamba na tanga. Merikebu haikuweza kusafiri bila yake, na mwaka wa 1533 Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza aliwaamuru wakulima wake kwa sheria walime katani hii au kitani cha nguo. Hapa petu nusu hii ya mmea haikuhitajiwa kamwe. Mafundi wa Lamu na wa visiwa vya Wabajuni walikuwa na makumbi ya nazi. Kwa kamba ya makumbi walishona mitepe yao mbao kwa mbao, bila msumari hata mmoja, na maji ya chumvi hayakuiozesha. Aliyekuwa na mnazi mlangoni pake hakuwa na haja ya kamba ya mgeni. Kwa hiyo mmea ule ule ulioingia Uingereza kama kamba uliingia kwetu kama kileo na dawa, na ninavyoona mimi, hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya watu wa pwani kutowahi kuuona kuwa ni zao la shamba kama mazao mengine.

Uliingiaje? Pwani ya mlango wa Tana si pwani ya peke yake iliyosahauliwa. Karibu na Kipini yako magofu ya mji wa Ungwana, mji wenye misikiti na makaburi ya mawe, uliochunguzwa na James Kirkman na kuelezwa katika kitabu chake cha mwaka wa 1966. Udongoni mwake vilipatikana vyombo vya kaure vya China na vya nchi za Kiislamu. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi tangu Novemba hata Machi, yakarudi na kusi. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka wa 1331, kwanza alikaribishwa Mogadishu kwa tambuu na popoo, vitu vya Asia vya kutafuna, ndipo akaendelea mpaka Mombasa na Kilwa. Bahari iliyoleta tambuu kwa ajili ya wageni wa heshima ilikuwa na nafasi ya kuleta na bangi.

Ushahidi wa kushika kwa mkono umetoka Uhabeshi, ndiyo Ethiopia ya leo, katika pango la Lalibela lililo upande wa Ziwa Tana. (Usichanganye, msomaji: ziwa hilo na mto wetu wameafikiana kwa jina tu.) Humo zilipatikana bori mbili za udongo za kiko cha maji, za karne ya 14, na mwaka wa 1975 mtaalamu Nikolaas van der Merwe alitangaza kwamba masizi yaliyoganda ndani yake yana alama za bangi. Fikiri maana yake. Tumbaku ilikuwa bado Amerika, na Columbus hakuwa amezaliwa. Mwafrika alikuwa akivuta moshi kwa kiko kabla ya tumbaku kuvuka bahari ya Atlantiki, na moshi huo ulikuwa wa bangi.

Kiko hicho cha maji yafaa tukieleze, kwa maana vijana wa leo wengi hawajakiona. Juu kuna bori, kibakuli cha udongo uliochomwa, ndicho kitiwacho majani na kaa la moto. Kutoka bori hushuka mrija uitwao digali, uingiao katika kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji. Hicho ndicho kiko chenyewe. Ubavuni mwa kifuu hutoka mrija wa pili, shilamu, nao ndio utiwao mdomoni. Mtu akivuta, moshi hupita ndani ya maji, maji yakalia, na mlio huo wazee waliuita malio ya kiko. Lugha isingekuwa na majina mengi hivi kwa kitu kigeni. Ni dalili kwamba chombo kilikaa nyumbani mwa watu muda mrefu, kwa tumbaku na kwa bangi pia.

Hata hivyo si wote waliovuta. Mtawa wa Kireno, João dos Santos, aliyefika Sofala mwaka wa 1586, aliandika katika kitabu kilichochapwa mwaka wa 1609 kwamba watu wa huko waliyakausha majani ya bangi, wakayatwanga, wakala unga wake na kunywa maji, na kwamba mtu aliweza kushinda siku kadhaa kwa chakula hicho tu. Karne mbili na nusu baadaye, Richard Burton alipotoka pwani ya mkabala na Unguja mwaka wa 1857 kutafuta maziwa makuu, aliiona bangi imeota mbele ya milango ya vibanda. Akasema kwamba Waarabu huichanganya na tumbaku na Waafrika huivuta peke yake. Burton alikuwa mtu wa dharau nyingi, na habari zake zapaswa kusomwa kwa tahadhari. Lakini alikuwa amekaa Bara Hindi, akaijua bangi vizuri, na kwa jambo hili macho yake yanafaa kuaminiwa kuliko ulimi wake.

Habari iliyo ya ajabu kuliko zote yatoka Kasai, katika Kongo. Wajerumani wawili, Pogge na Wissmann, walipofika kwa watu walioitwa Bashilange mwaka wa 1881, walikuta nchi iliyokwisha kugeuka. Kiongozi wao Kalamba Mukenge na wafuasi wake walikuwa wameanzisha udugu mpya, wakajiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Walikusanyika kuvuta pamoja kwa kibuyu kikubwa, silaha zikawekwa kando, na pombe ikapigwa marufuku. Waliamkiana kwa neno moyo, maana yake uhai. Vijiji vilivyokuwa vikipigana vikapatana, na njia za biashara zikafunguka. Lakini usifanye haraka kuwaonea wivu. Mkosaji katika udugu ule aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi hata azimie. Wazee wa desturi za kale waliokataa walinyang'anywa mamlaka yao. Na biashara iliyofunguka ilikuwa ya pembe za ndovu, na watu wakauzwa humo. Wissmann aliwasifu sana, naye alikuwa na sababu zake, kwa kuwa walimsaidia safarini. Nauliza basi: amani ile ililetwa na moshi, au ililetwa na mkuu mwenye akili aliyehitaji alama moja ya kuwaunganisha watu wake? Mimi naona ni la pili. Bangi hiyo hiyo ilivutwa mahali pengi katika Afrika, na popote pengine haikuleta udugu wa namna ile.

Wala si kweli kwamba Wazungu ndio wa kwanza kuujadili mmea huu kwa sheria. Wanavyuoni wa Kiislamu walijadiliana juu ya hashishi, yaani "majani", karne nyingi kabla yao. Ibn Taymiyya wa Damascus, aliyefariki mwaka wa 1328, aliikataza kwa maneno makali. Az-Zarkashi wa Cairo, aliyefariki mwaka wa 1392, aliiandikia risala nzima. Hoja iliyowashughulisha ilikuwa ngumu: Kurani yataja mvinyo, wala haitaji mmea huu, je, hukumu ya kinywaji yaweza kupita juu ya jani? Wengi walijibu kwamba chenye kuiondoa akili hukumu yake ni moja, kiwe cha maji au kikavu. Hii ni hoja ya kisheria iliyotafutiwa dalili, nayo yastahili heshima hata kwa asiyekuwa Mwislamu.

Sasa tuje katika zama za serikali za kikoloni. Mwaka wa 1893, kwa sababu ya maswali yaliyoulizwa katika Bunge la London, serikali ya Bara Hindi iliunda tume ya kuchunguza bangi. Tume hiyo ilizunguka nchi nzima, ikahoji mashahidi 1,193, wakiwemo madaktari, mahakimu, wakulima na makasisi, kisha mwaka wa 1894 ikatoa taarifa ya vitabu saba. Kazi yake moja yafaa ikumbukwe na kila mwanafunzi wa historia. Watu wote walikuwa wakisema kwamba hospitali za wenda wazimu zimejaa wavuta bangi, na madaftari ya hospitali yalionyesha hivyo. Wanatume hawakuridhika na madaftari. Walifuatilia mgonjwa mmoja mmoja, wakauliza: ni nani aliyeandika kwamba huyu aliugua kwa bangi, naye alijuaje? Mara nyingi walikuta kwamba askari aliyemleta mgonjwa alisema tu hivyo, na karani akajaza nafasi iliyokuwa tupu. Waliamua kwamba matumizi madogo hayana madhara makubwa kwa watu wazima walio wengi, kwamba matumizi ya kupita kiasi huharibu mtu, na kwamba kodi na usimamizi vyafaa kuliko marufuku.

Taarifa hiyo haikufika mbali. Katika nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, sheria ya mwaka wa 1913 iliyoanza kutumika mwaka wa 1914 iliiweka bangi pamoja na afyuni. Mashahidi elfu na zaidi waliohojiwa kule hawakuwa na mfano wao hapa. Mwaka wa 1925, katika mkutano wa Geneva ulioitishwa kwa ajili ya afyuni, mjumbe wa Misri, El Guindy, alisimama akaomba bangi nayo itiwe katika mkataba, akieleza taabu iliyoonekana Misri, na mataifa yakakubali. Mwaka wa 1961 Umoja wa Mataifa ulikusanya mikataba yote kuwa mmoja, na bangi ikawekwa katika daraja la ukali wa mwisho, pamoja na heroini. Kumbuka mwaka huo.

Kwa maana ilikuwa ni mwaka wa 1964, miaka mitatu baada ya hukumu hiyo ya dunia, ndipo Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, wataalamu wa kemia wa Israeli, walipokitenga kile kitu kileweshacho na kukijua umbo lake. Jina lake refu ni tetrahidrokannabinoli, nasi tutaliandika THC kama watu wote waandikavyo. Mofini ya afyuni ilikuwa imekwisha kujulikana zaidi ya karne moja na nusu.

Basi tuutazame mmea wenyewe. Bangi huota, hukua, hutoa mbegu na kufa ndani ya mwaka mmoja. Iko midume na iko mijike, kama mipapai. Upepo huchukua chavua kutoka kwa mdume hata kwa mjike. Juu ya maua ya mjike kuna vinywele vidogo mno, vyenye vichwa vya mviringo mfano wa vichwa vya pini, navyo vimejaa utomvu unaonata. Humo ndimo zilimo kemikali zaidi ya mia moja za jamii ya kannabinoidi. Nyingi hazilewezi. Ya pili kwa sifa baada ya THC ni kannabidioli, au CBD, nayo hailewezi. Tena THC haimo ndani ya jani bichi kwa umbo lake la kulewesha. Imo kama asidi, na moto ndio unaoigeuza. Ndiyo sababu watu wa nchi mbalimbali, bila ya kujua kemia, walifika wenyewe kwenye makaa na jiko.

Lakini kwa nini utomvu wa mmea uuguse ubongo wa mtu? Jibu lilikuja mwaka wa 1988, Allyn Howlett na William Devane walipogundua katika ubongo vipokezi ambavyo THC huingia kama ufunguo katika kufuli. Kufuli haiwekwi mlangoni kwa ajili ya mwizi; mwenye nyumba ana ufunguo wake. Ufunguo huo ulipatikana mwaka wa 1992, ni kitu ambacho ubongo hujitengenezea wenyewe, na wagunduzi wake wakakiita anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti ananda, maana yake furaha kuu.

Kazi yake yaweza kufahamika kwa mfano wa mashamba ya Hola. Mkulima hufungua na kufunga vilango vya mfereji, ili shamba hili lipate maji na lile lisifurike. Chembe za ubongo hupelekeana habari, na habari zikizidi, chembe inayozipokea hutoa anandamaidi kidogo kuiambia ile inayozipeleka: punguza. Muda mfupi tu, mahali hapo tu, kisha kilango hufunguliwa tena. THC haina mpango huo. Huingia na damu, ikavishika vilango vingi kwa pamoja, ikavikalia kwa saa kadhaa. Vipokezi hivyo ni vingi sana katika sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu, katika ile iongozayo mizani ya mwili, na katika zile za kupima muda na kuamua. Ndiyo maana mlevi wa bangi husahau neno alilolianza, huona dakika kuwa saa, na hafai kushika usukani. Katika shina la ubongo liongozalo pumzi, vipokezi ni vichache. Kwa hiyo bangi haisimamishi pumzi kama afyuni na heroini zifanyavyo. Hili ni kweli, na wasifuji hulitaja kila siku. Wasilolitaja ndilo linalokuhusu wewe.

Ubongo wa mtu haujakamilika anapoota ndevu. Hujipanga hata karibu na umri wa miaka 25, na katika miaka ya shule ya upili kazi hiyo imepamba moto: njia zisizotumika hukatwa, zitumikazo huimarishwa, na vilango nilivyovieleza ni miongoni mwa vyombo vya kazi hiyo. Mtu mzima anayevuta huuvuruga mfereji uliokwisha kujengwa. Kijana huuvuruga ukiwa bado unachimbwa. Katika Sweden, vijana 45,570 walioandikishwa jeshini mwaka wa 1969 na 1970 waliulizwa habari zao, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1987: waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 walipatwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia kwa kiasi cha mara sita kuliko wasiovuta.

Hapa mwanafunzi mwangalifu ataishika hoja ya ile tume ya Bara Hindi na kuuliza: twajuaje kwamba ni bangi iliyoleta ugonjwa? Pengine waliokuwa wameanza kuugua ndio waliokimbilia moshi. Ni swali la haki, na wataalamu wamelifanyia kazi miaka mingi. Walipohesabu na sababu nyingine, kiasi kile kilipungua, lakini hakikwisha. Na kadiri mtu alivyoanza mapema na kuvuta mara nyingi, ndivyo hatari ilivyozidi. Wavutaji walio wengi hawaugui ugonjwa huo. Walio wachache wanaougua hawana njia ya kujijua mbele. Juu ya uraibu hesabu ni nyepesi zaidi kufahamu: kati ya wanaojaribu, karibu 1 katika 10 hushindwa kuacha, kati ya wanaoanza wakiwa vijana, ni karibu 1 katika 6. Na bangi yenyewe imebadilika. Katika Marekani, iliyokamatwa na polisi mwaka wa 1995 ilikuwa na THC ya asilimia 4 hivi. Ya mwaka wa 2014 ilikuwa na asilimia 12. Amwambiaye kijana kwamba babu zake walivuta wasidhurike anamlinganisha na watu wazima waliovuta kitu kingine.

Katika Kenya, uchunguzi wa mwaka wa 2022 wa NACADA, idara ya serikali ya kupambana na vileo na madawa ya kulevya, ulionyesha kwamba mtu 1 katika kila 53 wa umri wa miaka 15 hata 65 hutumia bangi. Sheria ya mwaka wa 1994 iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa aliyekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe. Ilirekebishwa mwaka wa 2022, na kukutwa nayo kukabaki kosa. Mwaka wa 2021 jumuiya ya Marastafari ilikwenda Mahakama Kuu, Nairobi, kudai ruhusa ya kuitumia katika ibada. Kwingineko mambo yamekwenda mbio: Lesotho ilitoa leseni ya kulima kwa ajili ya dawa mwaka wa 2017, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliondoa kosa la mtu mzima kuitumia faraghani mwaka wa 2018, na Malawi ilitunga sheria ya kilimo cha dawa mwaka wa 2020. Mwaka huo huo wa 2020, mwezi wa Desemba, mataifa yalikutana Vienna na kuitoa bangi katika lile daraja la mwisho la 1961, kwa kura 27 dhidi ya 25, mjumbe mmoja akijizuia. Ilibaki bado katika orodha ya vitu vya kudhibitiwa.

Juu ya dawa, zamani yake ni ndefu kuliko watu wadhanivyo. Mnamo mwaka wa 1839, daktari William O'Shaughnessy wa Calcutta alitangaza majaribio aliyoyafanya kwa wagonjwa wa pepopunda na maradhi mengine, na akaeleza jinsi alivyomtibu mtoto mchanga wa siku arobaini, aliyekuwa na degedege, kwa matone ya bangi iliyoyeyushwa katika spiriti. Hakujua ni kitu gani ndani ya matone hayo kilichomtuliza mtoto, wala matone mangapi yangemwua. Mwaka wa 2018 Marekani ilikubali dawa ya CBD iliyosafishwa kwa ajili ya watoto wenye aina mbili kali za kifafa. Kipimo chake daktari hukihesabu kwa uzito wa mwili, kilo kwa kilo, na ile THC ya kulewesha imeondolewa, isipokuwa chembe isiyofanya kazi.